Chatu Anaitwa Chatu

Mume wangu Zéphirin alipokufa, ndugu zake walikuja kubeba vitu. Walibeba kitanda, walibeba baiskeli, walibeba redio, wakang'oa hata mlango wa choo kwa sababu ulikuwa wa bati jipya. Mimi nilikaa kwenye jamvi na kitambaa cheusi kichwani, nikawaangalia tu. Walipofika kwenye kijumba cha matofali nyuma ya nyumba, mkubwa wao alishika komeo, akaniuliza: "Na humu iko nini?"

Nikamwambia: "Iko chatu ya ndugu yako. Beba."

Aliachia komeo kama limemuunguza. Hakuna aliyembeba chatu, na tangu siku hiyo hakuna aliyerudi kuniuliza habari ya nyumba wala ya kiwanja. Ndiyo maana watu wa avenyu yetu, mtaa wetu huu hapa Kasongo, husema mjane Léocadie analindwa na nyoka. Mimi nalindwa na Mungu, na rozari yangu iko shingoni, kila mtu anaiona. Lakini sikatai kwamba siku ile Mungu alipitia pale chatu alipokuwa amelala.

Zéphirin alimpata kwenye barabara ya Kabambare, kule kwetu nilikozaliwa, walipokuwa wanachoma pori ili walime mpunga. Alikuwa mwembamba kama kidole gumba, ameungua kidogo mgongoni. Wenzake walitaka kumtia kwenye sufuria. Zéphirin akasema: "Nyama gani hii? Hata jino moja haishibishi." Akamleta nyumbani ndani ya kofia yake. Siku hiyo nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia achague, mimi au nyoka. Akacheka, akasema chatu hajui kupika, kwa hiyo amenichagua mimi. Kisha akamtafutia kikapu chenye mfuniko, akabaki na sisi wote wawili.

Hakumpa jina. Watoto wa avenyu walitaka aitwe hivi, aitwe vile, yeye akakataa. Mtu anaitwa mtu, mbuzi anaitwa mbuzi, chatu anaitwa chatu. Alisema ukimpa jina la mtoto utaanza kumbeba kama mtoto.

Sasa chatu amekua. Akijinyoosha anapita urefu wa kitanda kile walichokibeba, na katikati ni mnene kama paja langu. Mara nyingi watu wananiambia, mama, si umwachilie tu porini? Pori gani? Kutoka hapa mpaka mtoni ni mashamba, na kila shamba lina mtu, na kila mtu ana panga na sufuria. Nikimwachilia asubuhi, jioni nitasikia harufu yake kwa jirani, imechanganyika na mafuta ya mawese. Huko si kumwachilia. Huko ni kumpa mtu mwingine kazi ya kumuua ili mimi nilale vizuri.

Basi nilibaki naye, nikamchunga kama Zéphirin alivyomchunga, pengine kuliko. Kijumba chake kina milango miwili. Unaingia wa kwanza, unaufunga nyuma yako, ndipo unafungua wa pili. Funguo nalala nazo. Hakuna anayefungua peke yake, hata mimi mwenyewe. Lazima binti yangu Dieudonnée awe nyuma yangu na gunia mkononi. Chatu anakula sungura ninaowafuga mimi, na anapewa wakiwa wamekwisha kufa. Kuku wa jirani hamjui hata kwa harufu. Ukishika sungura unanawa kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko kabla ya kumkaribia, kwa maana mkono wenye harufu ya sungura, kwake yeye, ni sungura. Na simtoi nje ili watu wapige picha. Kijana mmoja alikuja na simu, ananiomba amvae shingoni kama tai. Nikamwambia tai zinauzwa sokoni.

Tena iko janti. Ni chuma cha gurudumu la gari la zamani, Zéphirin alikitundika kwenye mti wa mapera. Siku ya kusafisha kijumba ninakigonga, na avenyu nzima inajua: shika mtoto, funga mbuzi, ita mbwa. Wengine walishazoea, wakisikia janti wanajua Jumamosi imefika, siku ya kufua.

Shida yangu haikuwa chatu. Shida yangu ilikuwa mbuzi wa papa Magloire.

Papa Magloire ni jirani yangu, ua wa matete tu unatutenganisha. Anauza mawese, na nyumbani kwake ndipo kinapokutana kikundi cha sala, wanaimba mpaka majirani tunajua nyimbo zote. Mbuzi wake ni jike kubwa la kahawia, na lilipenda kulala juu ya bati la kijumba cha chatu, kwa sababu bati hushika joto la jua hadi jioni. Linapanda kwenye rundo la matofali, linaruka, linajinyoosha pale juu kama mke wa gavana. Chini yake, chatu naye ananyanyua kichwa.

"Papa Magloire, funga mbuzi yako," nilimwambia. "Inapanda juu ya nyumba ya chatu."

"Mama, mbuzi iko kiumbe cha Mungu. Inatafuta joto."

"Na chatu pia iko kiumbe cha Mungu. Inatafuta mbuzi."

Hakucheka. Alifunga mbuzi siku hiyo, kesho yake kamba imekatika. Nikawa napiga kelele juu ya ua kumwita mke wake: "Aurélie! Kamba!" Ikawa kama salamu yetu. Akiniona tu ananiwahi: "Nimesikia, mama, kamba." Mdogo wa Magloire, kijana mmoja anaitwa Plamedi, aliyekuja kutoka Kindu kupumzika na hakuna aliyejua anapumzika nini, alijifunza kuiga sauti yangu. "Kambaaa!" anaita, na wasichana wanaochota maji wanavunjika kwa kicheko.

Sasa iko jambo ambalo mtu wa kwetu Maniema analijua bila kuelezwa, lakini naliandika kwa ajili ya anayesoma akiwa mbali. Jua likizama, nyoka haitwi nyoka. Anaitwa kamba. Watu wanasema ukimtaja gizani anasikia, na akisikia anakuja. Mkristo anafuata, Mwislamu anafuata. Katika hili hakuna kanisa wala msikiti. Kule Kabambare, nikiwa mdogo, mama yangu alinipiga kofi kwa neno hilo, ugali ukaruka kutoka mdomoni. Zéphirin peke yake ndiye alikuwa hajali. Alisema mtu anayefuga chatu na kuogopa jina lake ni kama mtu anayewasha moto na kuogopa kusema umeshika nyumba.

Jioni ninayoizungumzia, Dieudonnée alikuwa Kabambare kwa bibi yake mgonjwa. Mvua ilikuwa imeharibu njia, pikipiki hazipiti, akakawia. Kwa hiyo sikuwa nimefungua kijumba tangu aondoke. Nilikuwa natwanga sombe, majani ya mhogo ya chakula cha jioni. Jua lilikuwa limekwisha kuingia, bado kuna mwanga wa kumwona mtu lakini si wa kumtambua. Nikasikia bati linalia kwaaa, kisha kishindo. Mbuzi akapita mbele yangu anakimbia, hana kamba shingoni.

Nilienda nyuma ya nyumba. Bati lilikuwa limeteleza, limeacha uwazi wa kupitisha beseni. Nikachungulia kwenye dirisha la wavu. Gogo lake liko, maji yake yako, yeye hayuko.

Nilisema "Yesu Maria," mara moja tu, kisha nikakimbilia janti. Niligonga bila kupumzika na nikaita kwa sauti yangu yote: "Chatu ametoka! Ingizeni watoto! Ingizeni mbuzi! Chatu ametoka!"

Milango ikaanza kufungwa, pa, pa, pa, avenyu nzima. Kutoka ng'ambo ya ua nikamsikia Aurélie: "Mama! Mama! Usiite ile jina saa hii!"

"Ametoka, Aurélie! Mwambie kila mutu ndani ya nyumba!"

"Nimesikia, lakini usiite!"

Mume wake hakuwepo, alikuwa ameenda kuombea mgonjwa. Ndani alikuwa Plamedi, amelala chali. Aurélie akaingia mbio, na kama mwanamke aliyelelewa vizuri, akageuza neno. Akamwambia: "Shemeji, amka! Kamba ya kwa mama imetoka!"

Wewe ungeelewa nini? Wiki nzima hajasikia kwangu neno lingine. Plamedi akasema, "Hii mbuzi itanimaliza," akavaa kandambili, akatoka kwenda kuifunga.

Mimi nilikuwa nafuata alama. Udongo ulikuwa na maji, na tumbo la chatu lilikuwa limechora njia pana kama ya mtu aliyeburuta gunia. Njia ilienda moja kwa moja chini ya ua, kwenye migomba ya Magloire. Nikasukuma matete, nikaingia. Na nikasikia sauti ya kijana gizani, inalaani: "Njoo hapa, kamba ya shetani! Njoo hapa!"

Alikuwa ameinama anavuta. Mkia wa chatu, pale mwishoni, ni mwembamba, na ulikuwa umetokeza kwenye majani makavu ya mgomba. Kabla sijafungua mdomo akavuta kwa mikono miwili.

Sijui kama umewahi kusikia mwanaume mzima analia jina la mama yake. Chatu aligeuka, akamshika mkono chini ya kiwiko, na akaanza kujizungusha.

"Usivute!" nilimwambia. "Plamedi, simama hivyo hivyo! Meno yake yanatazama ndani. Ukivuta unajichana mwenyewe."

"Mama, ananikula!"

"Hakuli. Anakushika. Iko pombe kali hapa kwenu?"

Kisha akasema, akiwa amefumba macho: "Iko lotoko nyuma ya mtungi."

"Lotoko?" Aurélie alikuwa amefika mlangoni na kibatari. "Ndani ya nyumba ya sala?"

"Shemeji, lete kwanza, utanihukumu kesho!"

Akaleta. Nikashika kichwa cha chatu kwa kitambaa changu cha kichwani, nikamimina lotoko pembeni mwa mdomo wake. Aliwaza kidogo. Nikamimina tena, akafungua. Nilimkaza nyuma ya taya kwa mikono yote miwili, lakini mwili wake bado ulikuwa umezunguka mkono wa Plamedi, umefika begani, na kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

"Aurélie, shika mkia, anza kumkunjua kutoka mwisho."

"Mkia ya nini?"

"Ya chatu!"

"Usiite!"

"Shika basi, bila kuita!"

Akashika. Alikuwa anaomba watakatifu wote anaowajua pamoja na wawili ambao nadhani aliwabuni, lakini alikunjua. Mzunguko mmoja, mwingine, mpaka mkono ukawa huru. Tukamwingiza chatu kwenye gunia la mpunga, nikafunga kwa fundo alilonifundisha Zéphirin. Usiku huo alilala kwangu ndani ya gunia, ndani ya pipa lenye matundu, na jiwe la kusagia juu ya mfuniko. Plamedi tulimpeleka kwa muuguzi. Akamsafisha, akamchoma sindano, akamwambia ana bahati kwamba ni chatu na si mwenye sumu. Mkono ulivimba, lakini vidole vyote vilicheza.

Kesho yake, baada ya sala ya alasiri, shefu wa avenyu, mzee Yakubu, akaja kwangu. Nyuma yake avenyu nzima. Nilijua wamekuja kuchukua nini. Walikuwa wakisema nyoka, lakini mimi nilihesabu mbele: leo chatu anatoka, wiki ijayo mashemeji wanasikia na kurudi kudai nyumba, wiki inayofuata niko juu ya pikipiki na fuko langu, narudi Kabambare kulala jikoni kwa mama. Nikawapa viti vilivyopo. Waliobaki wakakaa chini, wengine juu ya kinu, mwanaume mmoja akaegemeza kiwiko juu ya pipa.

Papa Magloire akasimama. "Shefu, mimi sina maneno mengi. Huyu mama iko jirani yangu, namuheshimu. Lakini anafuga nyoka. Nyoka! Ndiye alimudanganya mama yetu wa kwanza."

"Alimudanganya kwa maneno," nikasema. "Huyu hajui kusema, papa. Mbuzi yako inasema kuliko yeye."

Watu wakacheka, shefu akanyanyua mkono.

"Na si hiyo tu," Magloire akaendelea. "Jana jua limezama, huyu mama akaanza kumwita. Kwa jina! Kwa sauti! Ninyi wote mulisikia. Mutu anaita, kitu kinakuja. Kilikuja wapi? Kwangu. Kilishika nani? Mudogo wangu. Ni yeye alikituma. Basi nyoka auawe leo, mbele yetu."

Hapo wakaanza wote kwa pamoja. Auawe. Achomwe. Nyoka gani anafugwa na mjane. Nikawaacha mpaka wakachoka. Kisha nikaingia ndani, nikatoka na panga, nikaliweka miguuni pa papa Magloire.

"Vizuri. Panga ndilo hilo. Mimi sitamuua, na sitamushika ili mutu mwingine amuue. Nani anaanza?"

"Yuko wapi?" akauliza yule mwanaume wa kiwiko.

"Umemuegemea."

Mduara wa watu ulipanuka. Sikujua kwamba kiwanja changu kina nafasi kubwa namna ile. Mtoto mmoja alipandishwa juu ya mpera. Papa Magloire alilitazama panga, akalitazama pipa, akasema yeye ni mtu wa sala, hashiki silaha. Hakuna mwingine aliyeliokota. Nikalirudisha ndani.

Wakarudi kwenye maneno, na maneno yakawa marefu. Mimi nilikaa nikawatazama, maana kutazama ndiyo kazi ninayoijua. Na nikaona kitu. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya migomba, na jinsi lilivyokuwa linashuka ndivyo na midomo ilivyokuwa inabadilika. Waliofika wakisema nyoka, nyoka, sasa walikuwa wanasema "ule mududu". Kisha "kile kitu". Kulipoanza kuwa kwekundu kule magharibi, hakuna hata mmoja aliyekuwa anamtaja.

Ndipo shefu Yakubu akasafisha koo. "Mama Léocadie, mimi si mutu wa kufukuza mujane. Lakini raia wanalia. Nasema hivi: kesho, kabla ya jua kuwa kali, kile kitu kitoke hapa kwa avenyu. Kama hutaki, basi ukifuate, murudi pamoja kwenu Kabambare."

"Kitu gani, shefu?"

"Unakijua, mama."

"Mimi niko na vitu vingi. Iko kinu, iko muchi, iko janti. Nitoe kipi?"

"Mama."

"Shefu, ninakuheshimu. Lakini hukumu inataja. Hata mwizi wa ndizi, mutu anasema ameiba ndizi. Unanitoa kwa nyumba yangu kwa sababu ya nini? Sema, nisikie, na hawa wasikie."

Shefu akafungua mdomo. Akatazama magharibi. Akafunga mdomo.

"Kamba!" mtu akasema nyuma.

"Kamba?" nikasema. "Ile ya mbuzi? Plamedi, nenda ulete, tuitupe tumalize, watu wakalale."

Plamedi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mkono umefungwa bendeji mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa wa kwanza kucheka, na kucheka kulimuuma, akacheka tena.

"Sema wewe, papa Magloire," nikamgeukia. "Mchana ulikuwa na mdomo."

"Sitataja. Niko na watoto nyumbani."

"Na uko na Mungu nyumbani. Tunakusikia kila jioni unaimba kwamba amevunja nguvu zote za giza. Neno moja hajavunja?"

Sikufurahi kumnyamazisha, naye ni mtu wa sala kama mimi. Lakini sikuwa tayari kutoka kwenye nyumba yangu ili tu yeye asione haya.

Nikasimama katikati. "Sikilizeni. Jana nilitaja. Ndiyo. Nilitaja nikijua jua limezama, nikijua mama yangu angenipiga. Kila aliyesikia neno hilo alifunga mlango, na mtoto wake yuko hapa, mbuzi wake yuko hai. Damu imetoka nyumba moja tu. Aurélie, mwanangu, sikugombezi. Ulimwambia shemeji yako nini?"

Aurélie alitazama chini. Alikuwa anakunja na kukunjua pembe ya kitenge chake. "Nilisema kamba," akasema polepole.

"Alisema kamba ya kwa mama imetoka," Plamedi akaongeza. "Mimi nikaenda kufunga mbuzi. Shefu, kama ningesikia ile neno ingine, leo mungenikuta juu ya nyumba."

"Nyamaza, wewe na lotoko yako," kaka yake akasema.

"Lotoko ndiyo imeniokoa, kaka. Na huyu mama. Na mimi ndiye nilimuvuta mkia. Mutu akinivuta mimi mkia, nami ninauma."

Sasa walicheka hata wale waliokuwa wamekunja uso. Mimi sikucheka. Nilingoja watulie.

"Mimi sitoki," nikasema. "Nimezika mume wangu hapa Kasongo na nitamfuata hapa hapa. Paa nitalifunga kwa nondo, na rundo la matofali nitaliondoa, mbuzi asipate ngazi. Hilo ni langu, nalifanya. Lakini ninyi iko lenu. Chatu hatembei mchana, anatembea saa hizi, saa ambazo ninyi mnakosa mdomo. Muueni huyu, wengine wako mtoni, wako kwenye mpunga, hawana mlango wala ufunguo. Mtawaambia watoto wenu kamba, nao watainama kuokota kamba. Mimi nimebatizwa. Jina la kiumbe haliniogopeshi. Nitagonga janti na nitasema chatu, jioni, usiku, hata katikati ya maziko yangu. Na anayeishi kwenye avenyu hii, akisikia, apeleke neno kama lilivyo. Si kamba. Chatu."

Giza lilikuwa linaingia kweli sasa, nyuso zimebaki nusu. Nikasikia mtu anavuta pumzi kama anayetaka kuingia kwenye maji baridi.

"Chatu," akasema Aurélie.

Mume wake akamgeukia. "Aurélie!"

"Nilimushika na mikono yangu hii, papa. Nilimukunjua. Nitaogopa jina lake?" Na akarudia, kwa nguvu kidogo: "Chatu."

Tukangoja wote. Naapa hata mimi niliangalia pipa. Hakuna kilichokuja, isipokuwa mbu.

Mzee Yakubu akashika kofia yake, akaigeuza, akaivaa tena. "Basi," akasema. "Mama atengeneze paa kama alivyosema. Wenye mbuzi wafunge mbuzi. Na mama abaki na..." Akasimama hapo. Nilimtazama, sikumsaidia. "Abaki na chatu yake." Alilisema kama mtu anayeonja uji wa moto, kwa ncha ya ulimi, lakini alilisema, na watu zaidi ya thelathini walimsikia.

Walianza kutoka. Plamedi akaniuliza kama kesho anaweza kuja kunishikia misumari kwa mkono ulio mzima. Nikamwambia aje, na anawe kwanza. Papa Magloire alikuwa wa mwisho. Alisimama kwenye mlango wa ua, mgongo wake kwangu.

"Mama, na kikitoka tena?"

"Akitoka tena nitagonga, na nitaita kwa sauti ile ile."

"Mimi sitataja. Nitakuombea tu."

"Niombee, papa, ninahitaji. Lakini mbele ya Mungu unitaje mimi kwa jina langu na yeye kwa jina lake, tusichanganywe."

Alitikisa kichwa, akaenda zake. Mimi nikabaki kwangu.